Tunashukuru, lakini tunamshukuru nani?

Mwaka ukifika ukingoni, salamu za mitaa ya Eastlands hubadilika. Mwezi wa Machi ukimwuliza mtu habari zake atakueleza habari za kazi, za watoto, na za mwenye ploti aliyepandisha kodi bila ilani. Lakini ikishatimu katikati ya Desemba, mabasi ya kwenda mashambani yanapoanza kujaa na vipaza sauti vya wachuuzi vinaposhindana kando ya Barabara ya Jogoo, jibu huwa ni moja kila uendako: "Tunashukuru." Mwenye kazi anashukuru, na aliyeachishwa kazi mwezi wa Juni anashukuru vilevile. Aliyejaliwa mtoto anashukuru. Aliyezika naye anashukuru, tena kwa sauti iliyo thabiti kuliko ya wengine.

Mimi ni mtu ambaye riziki yangu hutokana na kuyachunguza maneno, kwa hivyo msomaji mpenzi ataniwia radhi nikilisimamisha neno hili mlangoni na kulihoji kidogo. Walimu wa Kiswahili watakubaliana nami kwamba "shukuru" ni kitenzi elekezi. Hakikamiliki mpaka kipate shamirisho. Mtu humshukuru Mungu, humshukuru mzazi, humshukuru jirani. Mwanafunzi akiandika "Juma alishukuru" na kuweka kikomo, mwalimu atauliza kwa kalamu nyekundu: alimshukuru nani? Ajabu ni kuwa sisi sote, wasomi kwa wasiosoma, tumekubali kuisema sentensi hii kila mwisho wa mwaka huku nafasi ya shamirisho ikiwa tupu.

Najua jibu la haraka. Nafasi hiyo ni ya Mwenyezi Mungu, na kila msikilizaji anaelewa. Sina ugomvi na jibu hilo. Hofu yangu ni nyingine. Yeyote aliyelelewa Eastlands anajua kwamba chumba kisichokuwa na mtu hakikai wiki moja. Ukirudi utakuta kufuli jipya mlangoni na mtu usiyemjua akikuuliza wewe ni nani.

Kilichonizindua ni aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa katika siku ya kutoa zawadi kwenye shule moja ya sekondari ya kutwa huku kwetu. Mgeni wa heshima alikuwa mwanasiasa, naye alikuja na mfano wa hundi, ubao mkubwa kama meza, wa fedha za basari. Wazazi waliimba, wanafunzi wakapiga makofi kwa mpangilio waliofundishwa asubuhi. Ilipofika zamu yangu nilinyanyuka na kusema: "Kwa niaba ya wasomi wote waliotoka katika mitaa hii, tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kuwasomesha watoto wetu." Ilikuwa sentensi safi. Upatanisho wake haukuwa na kasoro, na kiambishi -ku- kilikaa mahali pake barabara.

Baada ya sherehe mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinifuata nje. Aliniuliza kwa adabu kama mama yake, ambaye huuza mboga sokoni, naye hulipa kodi. Nilimjibu kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali analolijua: naam, hulipa kila anunuapo sabuni, na kila anunuapo muda wa maongezi wa simu. Akanitazama. "Basi mbona hatukumshukuru yeye?"

Nilimwambia kuwa swali lake ni zuri. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu wanajua kwamba mimi hutumia maneno hayo ninapokosa jibu.

Jibu lenyewe halikuwa gumu. Hazina ya maeneo bunge iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na fungu lake hukatwa kutoka katika mapato ya serikali, yaani kutoka katika ile sabuni na ule muda wa maongezi. Tangu hapo mahakama zimeipinga zaidi ya mara moja. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya mwaka 2015 inayoisimamia inakiuka Katiba. Mabishano ya mawakili nawaachia mawakili. Linalonihusu ni sarufi yake: fedha hutoka kwa mama mboga, hupita katika mikono ya mheshimiwa, na zikifika shuleni mama mboga ndiye anayeambiwa asimame ashukuru.

Tuyarudie maneno. "Asante" tuliipata kutoka Kiarabu, "ahsanta", maana yake "umefanya vyema". Kwa asili, basi, si neno la kukiri deni, wala si la kupiga magoti. Ni neno la kukipima kitendo na kumwambia mtenda kuwa kitendo chake kimefaulu. Anayesema asante ndiye aliyeshika mizani. Majirani zetu wa ngazini hawako mbali na maana hii. Mkikuyu husema "nĩ wega", yaani ni vyema. Mjaluo husema "erokamano" na Mluhya "orio", na katika nyumba za kanjo, kama tulivyozoea kuziita, mtoto aliyajua yote matatu kabla ya kuanza shule, maana unga uliazimwa kwa lugha ya mwenye unga. Hakuna aliyetufundisha kwamba aliyeazima bakuli la unga alipaswa kuimba.

Kuimba tulifundishwa shuleni. Mimi ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo. Wasomaji wachanga wamesikia habari zake; sisi tuliyanywa. Mpango wa kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa ya bure ulianzishwa na Rais Daniel arap Moi mwaka 1979, na katika miaka ya themanini, lori lilipoingia langoni, hesabu zilikoma hata kama ubao ulikuwa umejaa. Pakiti zilikuwa za pembe tatu. Nilikunywa nusu yangu na kuibana iliyobaki ndani ya sweta hadi nyumbani kwa ajili ya ndugu yangu mdogo, na mara nyingi ilifika ikiwa imemwagika kwapani. Tulijua maziwa yale yametoka kwa nani. Yalitoka kwa Rais. Nilikuwa na picha yake akilini, akiyakamua mwenyewe alfajiri.

Simdhihaki marehemu. Maziwa yaliwafaa watoto wengi, nami nikiwamo, na bila shaka wako waliokuja shuleni kwa sababu yake tu. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba ng'ombe alikuwa wa mkulima wa Nyandarua aliyesubiri malipo yake kwa miezi, wala kwamba fedha zilitoka katika hazina ambayo baba zetu wa viwandani na wa reli waliichangia kila mwisho wa mwezi. Na hapa ndipo penye uzito. Katika miaka ya tisini maziwa yalipungua, yakawa ya kubahatisha, kisha yakakoma. Sikumbuki mzazi hata mmoja aliyekwenda kuuliza yalikokwenda. Angeuliza vipi? Zawadi ni hiari ya mwenye kutoa. Akiacha kutoa, mpokeaji mwenye adabu hushukuru kwa yale aliyokwisha kupewa na kunyamaza. Haki ndiyo hudaiwa. Kwa kuimba kwetu tulikuwa tumetia saini, bila kujua, kwamba maziwa yale si haki.

Walimu wenzangu, nisieleweke vibaya kuwa haya yalianza na enzi ya Nyayo. Nenda Kaloleni, ng'ambo ya pili ya Barabara ya Jogoo. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940 na serikali ya kikoloni, nao ulikuwa fahari yake: nyumba za mawe, paa za vigae, miti, uwanja, na ukumbi wa jamii katikati. Mwafrika aliyekuwa amezoea kulala kwa zamu katika vyumba vya Pumwani aliletwa pale akaonyeshwa mfereji wa maji. Sisemi mfereji ule haukuwa neema. Ulikuwa neema. Nyumba ilikuwa neema pia, ingawa ilifungamana na kazi na kipande, na aliyefutwa kazi aliweza kujikuta nje pamoja na godoro lake. Lililotarajiwa ni kwamba mtu aliyejengewa vizuri namna ile angetulia na kushukuru.

Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya ukumbi uleule wa Kaloleni, ulifanyika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na kongamano la Wahindi wa Afrika Mashariki. Humo Makhan Singh, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru. Hazikupita wiki nne kabla yeye na Fred Kubai hawajakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh aliwekwa kizuizini kaskazini mwa nchi hadi mwaka 1961.

Hebu litafakari jambo hili, msomaji. Ukumbi ulijengwa na mkoloni. Waliokaa vitini walikunywa maji ya mfereji wa mkoloni asubuhi ile. Kwa hesabu ya wale wanaotuhubiria shukrani, watu hao walikuwa punda ambao shukrani yao ni mateke. Mimi naiona hesabu nyingine: walijua nani aliyebeba mawe na nani aliyelipa kodi ya kichwa iliyoyanunua mawe hayo. Waliujua ukumbi kuwa wao. Ndiyo maana waliutumia.

Wakati uohuo fasihi yetu ilikuwa imeshatoa mfano wa upande wa pili. James Mbotela alichapisha *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934, masimulizi ya watumwa waliookolewa baharini na kupewa makao Freretown, Mombasa. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hicho kwa jinsi kinavyommiminia Mwingereza sifa, nami huwasomesha wanafunzi wangu lawama hizo. Hata hivyo kila mwaka huwaonya wasimhukumu mwandishi upesi. Mtu ambaye wazee wake walifunguliwa minyororo kwa mikono fulani, ataachaje kuishukuru mikono hiyo? Shukrani yake ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba ilizidi kipimo, ikaifunika ile mikono ya Kiingereza iliyokuwa wakati huohuo ikigawa mashamba ya watu wa bara.

Naona ugumu uohuo katika suala la nyumba za siku hizi, na hapa naandika kwa tahadhari, kwa sababu ni rahisi mtu mwenye nyumba kuzungumza juu ya asiye nayo. Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba za kwanza za mradi wa Mukuru, zaidi ya 1,000. Wako waliozipokea huku wakilia. Simcheki hata mmoja wao. Mtu aliyelea watoto katika kibanda cha mabati, ambaye mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalimkuta akiwa amekishika kitanda kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, akifungua mfereji ndani ya jiko lake mwenyewe ana haki ya kulia na kumkumbatia yeyote aliye karibu.

Lakini mwalimu, itazame hati yako ya mshahara. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kuuharamisha ushuru wa awali mnamo Novemba 2023, ilimtoza kila mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake mzima, na mwajiri kiasi kama hicho. Mlinzi wa usiku wa Kayole amo katika nyumba ya Mukuru. Mwalimu wa Dandora amo. Na aliyepewa ufunguo mwenyewe atailipia nyumba hiyo kila mwezi kwa miaka mingi. Hii ni biashara halali, na huenda ikawa nzuri. Ila sijapata kumwona muuzaji wa nguo pale Gikomba akimtaka mnunuzi amwimbie baada ya kulipa.

Wako watakaosema kuwa haya ni maneno ya mtu mwenye kinyongo, kwamba serikali ngapi zilipita zikila fedha na zisijenge hata choo, na kwamba anayejenga astahili asante yake. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali nusu. Astahili asante ile ya asili, ya "umefanya vyema", inayotolewa na mwenye kazi kwa fundi wake baada ya kuukagua ukuta. Asante ya namna hiyo inaruhusu maswali. Nyumba hizi zinagawiwa kwa utaratibu gani? Mitaa ya zamani, Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 imekuwa ikitajwa katika mipango ya kubomoa na kujenga upya, wazee wake wataishi wapi kuta zikiwa chini? Nyumba ikiisha kuitwa zawadi, mwenye kuuliza maswali haya huambiwa hana shukrani, na mazungumzo yakaisha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijawahi kusikia kwamba walikuwa wanawachukia wagema.

Vijana walilijua hili kabla yetu. Juni 2024 walipojaza barabara za jiji kuupinga Mswada wa Fedha, niliwasikia watu wa rika langu na la wazazi wangu, katika mazishi na katika maskani, wakiwaita watovu wa shukrani: wamesomeshwa bure tangu darasa la kwanza, wana simu, wana intaneti, wanataka nini tena? Mswada uliondolewa Juni 26, siku moja baada ya damu kumwagika, na makumi ya vijana hawakurudi nyumbani katika majuma yale. Wengi wao walikuwa wameanza shule baada ya Januari 2003, ada ilipofutwa katika shule za msingi. Waliambiwa maisha yao yote kwamba elimu ile ilikuwa bure. Kisha wakasoma, na kwa kusoma wakagundua kuwa haikuwa bure, ililipwa na mama zao. Sijui ni sifa gani kubwa zaidi ambayo shule inaweza kupewa.

Nikirudi kwa Mola, maana siwezi kuandika juu ya shukrani Eastlands nisimtaje: mkesha wa mwaka mpya makanisa yetu hujaa hadi ngazini, na msikiti wa Pumwani nao umewasikia Waislamu wa jiji hili wakihimidi tangu kabla mtaa wangu haujachorwa. Hilo ni jambo la mtu na Muumba wake, wala mtaalamu wa sarufi hana la kulisahihisha.

Wiki iliyopita nilikwenda Maringo kumwona mama mmoja aliyekuwa jirani yetu. Mama yangu alipolazwa hospitalini nikiwa na miaka kumi na mmoja, mama huyu alitulisha sisi watatu kwa majuma tisa, pamoja na watoto wake watano, katika chumba ambacho leo nikisimama katikati nagusa vitu viwili kwa mikono miwili. Sasa ana zaidi ya miaka themanini. Mwaka huu alianguka akavunjika nyonga.

"Habari za mwaka, Mama?"

"Tunashukuru, mwanangu."

Kwa kuwa makala haya yalikuwa tayari kichwani, sikuweza kujizuia. Nilimwuliza anamshukuru nani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwezi. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Mungu kwanza. Halafu makanga wawili wa stendi, aliowataja kwa majina, waliombeba kwa blanketi hadi kwenye gari wala hawakutaka nauli. Mama wa nyumba ya pili, aliyepika uji siku arobaini. Chama chao cha akina mama, kilichochanga kwa simu usiku mmoja. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye jina lake hakulipata na jambo hilo bado linamsumbua. Kijana wa kinyozi aliyemletea mikongojo ya marehemu babu yake.

Akanieleza pia kwamba vijana wawili wenye madaftari walipita wakihesabu milango. Aliwauliza atalala wapi nyumba zikivunjwa. Mmoja akamwambia, "Mama, wewe shukuru tu."

"Nikamwambia nitashukuru nikiuona mlango."

Alirudi kwenye vidole vyake, akakuta kimoja kimebaki. "Na wewe," akasema. "Wewe ulituma pesa. Zilifika."

Nilitazama sakafu. Akaniuliza kama nitangoja chakula kiive, nami nikavua koti.